Mkate wa Roma na Ndizi za Kagera: Somo Kuhusu Chakula Kikuu, Kitoweo na Afya ya Mtoto

Utangulizi

Anayesafiri kwa barabara kutoka Muleba kwenda Bukoba huiona migomba tangu mwanzo wa safari hadi mwisho wake. Nyumba zimezama ndani ya vibanja, mikungu inaning'inia, na mgeni huondoka akiamini kwamba njaa haina pa kuingilia katika nchi hii. Nami niliamini hivyo nilipofika mkoani Kagera kwa mara ya kwanza, nikiwa daktari kijana. Imani hiyo haikudumu hata wiki moja. Wodini nilimkuta mtoto wa miezi 20, miguu imevimba, nywele zimekuwa nyepesi na kupoteza weusi wake, uso umejaa lakini hauna uchangamfu. Nilimwuliza mama yake mtoto anakula nini. Alinijibu kwa mshangao wa mtu aliyeulizwa jambo lililo wazi: "Daktari, ebitoke tunavyo tele. Anakula asubuhi, mchana na jioni, na anashiba."

Mama yule alisema kweli. Mtoto alikuwa akishiba. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mtoto anavyoweza kushiba kila siku na bado akaugua utapiamlo, na kuonyesha nini kifanyike, nyumbani na kituoni, ili jambo hilo lisitokee. Si makala ya kuilaumu ndizi. Ndizi imeilisha Buhaya kwa karne nyingi, na itaendelea kuilisha. Ni makala ya kuuliza kilicho kando ya ndizi kwenye sahani ya mtoto, na kilikokwenda kile kisichoonekana.

Ili kulieleza jambo hili vizuri nitaanzia mbali kidogo, katika Roma ya kale. Waroma waliacha maandishi na masalia mengi ya chakula chao cha kila siku, hata tunaweza kukihesabu kama tunavyohesabu chakula cha wagonjwa wetu. Tena mmoja wa matabibu wao aliona vijijini jambo ambalo sisi, takriban miaka 1,850 baadaye, bado tunaliona. Wala zama hizo hazikuwa ngeni kwa nchi hii: wanaakiolojia waliochimba Katuruka, karibu na Bukoba, wamethibitisha kwamba katika nyakati zilezile za Roma ya kale, wakazi wa kando ya Ziwa Victoria walikuwa tayari mafundi wa kuyeyusha chuma.

Mkate wa kila siku katika Roma

Waroma wa mwanzo hawakuwa walaji wa mkate. Chakula chao kilikuwa uji mzito wa nafaka, ambao mtu wa Kagera angeulinganisha na uji wa ulezi au wa mtama. Mkate ulishika nafasi ya kwanza baadaye, miji ilipokua na watu wengi wakawa hawana shamba, jiko wala kinu cha kusagia.

Mwaka 79 BK mlima Vesuvius ulilipuka na kuufukia mji wa Pompeii. Majivu yale yaliyoua watu yalihifadhi mikate. Katika tanuri moja walikuta mikate 81 iliyogeuka mkaa, ya mviringo, imechorwa mistari ili igawanyike vipande vinane kwa urahisi. Kando ya matanuri yalisimama mawe makubwa ya kusagia, yaliyozungushwa na punda. Mji wa jirani, Herculaneum, ulihifadhi mkate uliopigwa muhuri wenye jina la mtumwa aitwaye Celer na la bwana wake. Huko Roma kwenyewe bado limesimama kaburi la mwoka mikate tajiri, Marcus Vergilius Eurysaces, limechongwa picha za hatua zote za kazi yake: kusaga, kuchekecha, kukanda, kuoka na kupima mizani.

Ngano hiyo haikulimwa Roma. Sehemu kubwa ilikuja kwa merikebu kutoka Misri na nchi ambayo leo ni Tunisia. Kwa maneno mengine, mkate wa Roma uliokwa kwa ngano ya Afrika. Tangu sheria ya Gaius Gracchus ya mwaka 123 KK, serikali iliwauzia raia wa mji nafaka kwa bei ya chini, na baadaye ikawapa bure. Mgawo wa mtu mmoja ulikuwa modii 5 kwa mwezi, yaani takriban kilo 33 za ngano. Kaisari Aurelian, katika karne ya 3, aliamuru wapewe mkate uliokwisha kuokwa badala ya nafaka.

Tuangalie sasa nani hakuwamo katika mgawo huo. Waliostahili walikuwa wanaume, raia, wakazi wa mji wa Roma. Mwanamke kwa kawaida hakuandikishwa, wala mtoto mchanga, wala mtumwa, wala mkulima wa kijijini aliyeilima ngano yenyewe. Wakati wa Kaisari Trajan, aliyetawala kati ya mwaka 98 na 117 BK, ulianzishwa mpango wa kuwasaidia watoto katika miji ya Italia. Bamba la shaba lililopatikana Veleia linaonyesha kwamba mvulana alipewa sesterse 16 kwa mwezi na msichana 12. Hata msaada wa watoto ulimpunja msichana.

Aliyoyaona Galen

Galen alizaliwa mwaka 129 BK huko Pergamum, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, akaja kuwa tabibu wa makaisari. Aliandika sana kuhusu vyakula, na katika maandishi yake anasimulia miaka ya njaa iliyofuatana katika nchi nyingi zilizotawaliwa na Roma. Mara baada ya mavuno, anasema, watu wa mjini walichukua ngano ya kuwatosha mwaka mzima, wakachukua na shayiri, na sehemu kubwa ya mikunde. Mkulima alibaki na masazo. Hayo yalipokwisha wakati wa baridi, familia za vijijini zilianza kula machipukizi ya miti, mizizi na majani ya porini. Kufikia mwanzo wa kiangazi wengi walikuwa na vidonda vya ngozi, uvimbe na maradhi mengine.

Tabibu huyu hakujua protini, vitamini wala madini ya chuma. Hata hivyo aliliona jambo la msingi: waliougua zaidi walikuwa wale waliokilima chakula. Chakula bora kilitoka shambani kikaenda mjini, na mkulima akabaki na cha kujaza tumbo.

Msomaji wa Muleba na aiweke kumbukumbu hiyo moyoni, maana tutairudia.

Ndizi si ngano: hesabu ya sahani

Chakula kikuu ni kile kinachochukua sehemu kubwa ya sahani na kutoa nguvu nyingi. Kwa Mroma kilikuwa mkate. Kwa Mhaya ni ndizi. Kitoweo ni kile kinachoambatana nacho: maharage, samaki, nyama, mboga za majani. Waroma nao walikuwa na kitoweo chao: kunde na dengu, vitunguu, jibini, mafuta ya zeituni, na mchuzi wa samaki waliochachushwa kwa chumvi. Mpangilio wa sahani ulikuwa uleule. Lakini vyakula vikuu viwili hivi havilingani kwa virutubishi, na hapo ndipo lilipo somo.

Gramu 100 za mkate zina protini takriban gramu 8 hadi 9. Gramu 100 za ndizi zilizopikwa zina takriban gramu 1 tu. Mroma aliyekula kilo moja ya mkate kwa siku, bila kitu kingine, alipata protini ya kumtosha mtu mzima kwa kiasi, ingawa si kwa ubora kamili, kwa sababu ngano ina upungufu wa laisini, kijenzi cha protini ambacho mikunde inacho kwa wingi. Mtu mzima wa Kagera akila kilo 2 za ndizi zilizomenywa na kupikwa, atapata nguvu ya kutosha kwa siku nzima, lakini protini atapata takriban gramu 20, ilhali anahitaji gramu 50 au zaidi.

Sasa tumtazame mtoto. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu mwenye uzito wa kilo 10 anahitaji protini takriban gramu 12 kwa siku. Tumbo lake hubeba takriban mililita 300 kwa mlo mmoja, yaani kama kikombe kimoja kikubwa. Akilishwa ndizi tupu milo mitatu hadi ashindwe kuongeza, atakuwa amekula takriban gramu 800, na protini aliyoipata ni gramu 8. Madini ya chuma na zinki aliyoyapata ni machache zaidi ukilinganisha na mahitaji yake. Hawezi kula zaidi, kwa kuwa tumbo limejaa. Huyu ndiye mtoto aliyeshiba ambaye mama yake alinijibu kwa mshangao.

Basi tufahamu vema: mkate mtupu humsamehe mlaji kwa kiasi fulani, ndizi tupu haisamehi. Ndiyo sababu hekima ya mapishi ya Kihaya iliweka maharage ndani ya chungu kimoja na ndizi. Gramu 100 za maharage yaliyopikwa zina protini gramu 8 hadi 9, sawa na mkate, pamoja na madini ya chuma na foliki asidi. Ndizi kwa upande wake hutoa nguvu, potasiamu na vitamini B6, tena hupatikana mwaka mzima. Chungu cha ndizi na maharage ni chakula kilichokamilika kuliko mkate mtupu wa raia wa Roma. Tatizo huanza pale maharage yanapopungua chunguni au yanapomrukia mtoto.

Tuliyojifunza kwa majirani

Mwaka 1935 daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana, aliuandikia ulimwengu wa tiba kuhusu ugonjwa ambao wenyeji wa Accra waliuita kwashiorkor, ambao sisi tumezoea kuuita kwashakoo. Jina hilo la lugha ya Kiga linahusu ugonjwa unaompata mtoto anayeondolewa nafasi yake na mdogo wake anayezaliwa. Kwa maneno mengine, wenyeji walikuwa wameshajua wakati wa hatari: mtoto anapoachishwa ziwa kwa sababu mama ana ujauzito mwingine.

Utafiti mkubwa juu ya ugonjwa huo ulifanyika jirani yetu kabisa, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, miongoni mwa watoto wa Kiganda ambao chakula chao kikuu ni matoke, ndugu wa ebitoke vyetu. Hugh Trowell na wenzake walichapisha kitabu juu yake mwaka 1954. Tangu wakati huo sayansi imetambua kwamba kwashakoo haisababishwi na upungufu wa protini peke yake. Maambukizi, kuhara, na upungufu wa virutubishi vingine huchangia pia. Lakini mazingira yake hayajabadilika: mtoto aliyekwisha kuacha ziwa, anayelishwa chakula kikuu kisicho na kitoweo.

Kutokana na kazi hiyo, katika miaka ya 1960, ilianzishwa Mulago kliniki ya lishe iitwayo Mwanamugimu. Pale akina mama hawakupewa tu chakula cha dawa. Walifundishwa kupika chakula cha mchanganyiko kiitwacho ekitobero: ndizi zilizomenywa, maharage yaliyotolewa maganda au karanga zilizosagwa, samaki au nyama iliyokatwakatwa, na mboga za majani, vyote vikapikwa kwa mvuke katika jani moja la mgomba na kupondwa pamoja. Hakuna kitu kigeni ndani yake. Kila kilichomo kinapatikana Kanyigo, Kamachumu na Nshamba. Kilichobadilika ni kwamba kitoweo hakikuachwa kando ili mtoto akichague au akikose. Kilichanganywa na ndizi tangu jikoni.

Kinachotoka kibanjani

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na Kagera ilikuwa juu ya wastani huo. Tunawezaje kulieleza hilo katika mkoa wenye ndizi, maharage, ziwa na ng'ombe?

Sababu ni nyingi, na si zote za jikoni. Malaria, minyoo, kuhara, mimba zinazofuatana haraka na mzigo wa kazi wa mama vimo. Mnyauko wa migomba, ugonjwa wa bakteria ulioingia wilayani Muleba katika muongo wa kwanza wa karne hii, uliharibu vibanja vingi na kuzilazimisha familia kuelekea mihogo na mahindi. Lakini kuna sababu moja ambayo Galen angeitambua mara moja.

Maharage huvunwa, na siku hizohizo mnunuzi yuko barabarani na mizani yake. Kuna ada ya shule, kuna deni la duka, kuna bati la kuezekea. Gunia linaondoka. Mayai hukusanywa na kupelekwa gulioni. Maziwa huuzwa asubuhi kabla watoto hawajaamka. Muleba ina ufuko mrefu wa ziwa na visiwa vingi, lakini sangara hupelekwa viwandani na minofu yake husafirishwa ng'ambo, na dagaa hupakiwa magunia kwa magunia kwenda mbali. Kinachobaki nyumbani ni kile kisichohitaji kununuliwa, nacho ni ndizi. Hakuna aliyefanya kosa. Kila mauzo yalikuwa na sababu nzuri. Lakini hesabu ya mwisho hulipwa na mtoto ambaye hakushirikishwa katika uamuzi.

Tena hata kile kitoweo kinachobaki hakigawanywi sawa. Katika jamii kadhaa za nchi za Maziwa Makuu, wakiwamo Waganda, zamani mwanamke hakuruhusiwa kula kuku wala mayai. Miiko hiyo imefifia, lakini mazoea yake hayajaisha: kipande kikubwa cha samaki huwekewa baba, na mtoto humwagiwa mchuzi. Mchuzi una ladha ya samaki. Samaki mwenyewe hayumo. Tukumbuke bamba la Veleia kabla hatujawacheka watu wa kale.

Mkate wa leo

Mkate nao umefika kwetu. Katika mji wa Bukoba watoto wengi huanza siku kwa chai ya rangi na kipande cha mkate mweupe au andazi. Wapo wanaouona mkate kuwa maendeleo na ndizi kuwa ushamba. Wapo wanaouona mkate kuwa sumu. Wote wawili wanakosea.

Unga wa ngano wa viwandani una jambo moja jema. Kanuni za nchi yetu za mwaka 2011 ziliweka utaratibu wa kuongeza virutubishi katika unga wa ngano na wa mahindi, vikiwamo madini ya chuma, zinki, vitamini B12 na foliki asidi. Foliki asidi hupunguza uwezekano wa mtoto kuzaliwa na mgongo wazi au matatizo ya kichwa kikubwa yanayoambatana nao. Ndizi inayokatwa kibanjani haipiti kiwandani, hivyo familia inayokula ndizi pekee haifikiwi na mpango huo. Kwa sababu hiyo mwanamke wa Kagera anayetarajia kubeba mimba anahitaji zaidi maharage, mboga za majani na vidonge vya foliki asidi, tena kabla ya mimba kuingia, kwa kuwa uti wa mgongo wa mtoto hufunga katika wiki nne za kwanza, aghalabu kabla mama hajajijua.

Hata hivyo mkate mweupe na chai ya rangi si kifungua kinywa cha kutosha kwa mtoto. Chai na kahawa, pamoja na kahawa ya kutafuna ambayo Mhaya humkaribishia mgeni, huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yatokayo kwenye maharage na mboga. Vinywaji hivyo vinywewe angalau saa moja baada ya mlo, na mtoto mdogo asipewe kabisa. Kipande cha papai, chungwa au pasheni pamoja na mlo hufanya kinyume chake: huusaidia mwili kufyonza chuma.

Mambo ya kufanya nyumbani

Mapendekezo yafuatayo hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji makubaliano ya baba na mama, na ndiyo maana nashauri yasomwe na wote wawili.

1. Fungu la mtoto litengwe kabla ya kuuza. Siku ya mavuno, kabla mizani haijatundikwa, familia ipime maharage ya watoto na kuyahifadhi. Kikombe kidogo cha maharage makavu, takriban gramu 50, kinamtosha mtoto mmoja kwa siku. Kwa mwezi ni kilo moja na nusu. Kwa miezi sita hadi mavuno mengine ni kilo 9. Hili ndilo gunia dogo ambalo halipaswi kuuzwa. Vivyo hivyo, katika mayai ya wiki, machache yabaki nyumbani.

2. Maharage yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, kisha yapikwe hadi yaive kabisa. Kuloweka hupunguza kuni na hupunguza viini vinavyozuia ufyonzaji wa chuma na zinki. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 12 yatolewe maganda na kupondwa pamoja na ndizi.

3. Dagaa wachaguliwe waliokaushwa juu ya chanja, si juu ya mchanga. Waoshwe, wakaushwe, wakaangwe bila mafuta na kusagwa. Kijiko kimoja cha mezani cha unga wa dagaa kina protini takriban gramu 6, pamoja na kalisi nyingi. Kijiko hicho katika ndizi za mtoto hukaribia kuzifikisha gramu 8 za hesabu yetu hadi 14.

4. Msimu wa senene, ambao kilele chake huwa Novemba na Desemba, usipite bila watoto wakubwa na mama kupata sehemu yao. Senene wana protini na mafuta mengi. Wasafishwe vema kwa kuondolewa miguu na mabawa, na asiyewahi kuwala aanze kwa wachache, kwa kuwa wapo wanaopata mzio.

5. Ulezi na njugu mawe, mazao ya zamani ya rweya, yarudishwe jikoni. Ulezi una kalisi nyingi kuliko nafaka nyingine tulizozizoea, na njugu mawe ni mikunde kamili.

6. Mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, kisha aanze chakula cha nyongeza huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Ujauzito mpya si sababu ya kumwachisha ziwa ghafla. Mama ashauriane na mhudumu wa afya.

Kwa watoa huduma za afya

Ndugu mtoa huduma, swali "mtoto anakula?" halitoshi, kwa sababu jibu lake karibu kila mara ni ndiyo. Uliza: "Jana, tangu alipoamka hadi alipolala, alikula nini, na pamoja na nini?" Kisha hesabu makundi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate angalau makundi 5 kati ya haya 8 kila siku: maziwa ya mama, nafaka, mizizi na ndizi, mikunde, karanga na mbegu, maziwa na mazao yake, nyama na samaki, mayai, matunda na mboga zenye vitamini A kwa wingi, na matunda na mboga nyingine. Ndizi, mkate, muhogo na ugali ni kundi moja. Mtoto aliyekula vyote vinne bado amehesabiwa kundi moja.

Pima mzingo wa mkono kwa kila mtoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni utapiamlo wa kadiri. Bonyeza nyayo zote mbili kwa kidole gumba na uangalie kama shimo linabaki. Uvimbe wa miguu yote miwili unaoacha shimo ni utapiamlo mkali hata kama utepe unaonyesha kijani na mizani inaonyesha uzito mzuri, maana maji ya uvimbe huongeza uzito. Mtoto mwenye uvimbe, homa, kuhara, ulegevu, au anayekataa kula apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Tahadhari mbili kwa wagonjwa watu wazima. Mgonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu asiendelee kula ndizi kama zamani bila ushauri wa daktari wake, kwa kuwa ndizi ina potasiamu nyingi. Na mgonjwa wa kisukari asidhani kwamba kuhama kutoka ndizi kwenda mkate mweupe ni nafuu. Vyote ni wanga, na kinachohesabiwa ni kiasi na kitoweo kilicho kando.

Hitimisho

Yule mtoto wa miezi 20 alipona. Kabla hajaruhusiwa, baba yake alikuja kumchukua, tukaketi watatu kitandani kwa mtoto. Nilimwuliza baba kama walilima maharage msimu ule. Alisema walilima, na mavuno yalikuwa mazuri. "Yako wapi?" Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Tuliyauza yote, daktari. Tulikuwa na ada." Sikuwa na neno la kumlaumu. Tulihesabu pamoja kilo 9 kwa miezi sita, na nikaona amezirudia hesabu kwa vidole vyake mwenyewe. Alisema hizo zingewezekana.

Roma ilikuwa na merikebu, maghala na matanuri, na bado watoto wa wakulima wake waliugua kwa kukosa kile walichokilima wazazi wao. Sisi hatuhitaji merikebu. Tunahitaji fungu moja libaki nyumbani, na lifike kwenye sahani ya mdogo kuliko wote.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mtoto anayeshiba ndizi milo mitatu kwa siku anaweza kupata utapiamlo?
2. Mtoto alikula jana ndizi, andazi, ugali wa muhogo na mchuzi wa samaki bila samaki. Alipata makundi mangapi ya chakula?
3. Kwa nini uzito wa mtoto mwenye kwashakoo unaweza kumdanganya mtoa huduma?
4. Katika nyumba yako, ni vyakula gani huuzwa kabla watoto hawajapata fungu lao, na ni kiasi gani kingeweza kubaki?